Nge Anakamata Mkono wa Kushoto

Portales, Jiji la Meksiko
Machi 4, 1974

Komadre Otilia,

Nieves, mwanao wa ubatizo, hajambo. Meno ya mbele yameota na anauliza lini utamletea zile peremende za maziwa. Mimi mzima wa mwili tu. Ya moyoni usiniulize, maana nakwambia sasa hivi.

Ni habari ya Nicanor. Tangu promota Don Evodio amchukue kwenda kupigana huko kwenu kaskazini, mume wangu amekuwa bubu. Kila Jumapili ananipigia simu pale duka la dawa la Don Crescencio, nami nasimama katikati ya watu wenye kikohozi nikingoja neno tamu. "Mzima?" Mzima. "Mapambano?" Mazuri. "Unakula?" Nakula. Halafu eti sarafu zimekwisha. Komadre, huyu mtu nilikuwa namwomba anyamaze nipate usingizi! Akitoka ulingoni ilikuwa lazima anisimulie kila mweleka, na kabari ananionyesha kwenye mto wangu. Leo sarafu zimekwisha?

Kuna kitu. Na wewe unajua mimi nikisema kuna kitu, kipo.

Unaishi ng'ambo ya daraja tu kutoka Torreón. Nakuomba Alhamisi uende ukumbi wa mieleka wa Arena Algodonera, ukae viti vya mbele, uniandikie pambano moja moja kama tulivyokuwa tukifanya wakati wa usichana wetu, kwa pilipili moja hadi tano, bila kumpendelea mtu. Nge wa Shaba, yaani Nicanor wangu akiwa na kinyago, mwandikie zaidi ya wote. Anavyoingia, anavyokamata, anavyoanguka, nani anampungia mkono, mwanamke gani kajipara na kusimama mlango wa wanamieleka. Usinifiche hata unywele.

Nicanor asijue. Na mama mkwe wangu Doña Tomasa, aliye hukohuko kwenu, ndiyo kabisa! Yeye mpaka leo anajua mwanawe anazunguka miji na sanduku, anauza vifungo na zipu. Ukimpa siri asubuhi, ikifika adhuhuri mpaka mbwa wa Gómez Palacio wanaijua, na mwanamieleka wa kinyago akishajulikana jina lake amekwisha. Kinyago kinabaki kitambaa cha kufutia meza.

Nasubiri. Usinicheke.

Amparo

*

Gómez Palacio
Machi 15, 1974

Komadre Amparo,

Nimecheka kidogo tu, nisamehe. Halafu nikafunga mapema kibanda changu cha gordita, ile mikate ya mahindi ya kujazwa, nikajifunga shali, nikaenda. Sikiliza.

Pambano la kwanza lilikuwa la vijana wawili wasiojulikana. Mmoja anaitwa Eleuterio, wa Fresnillo, mwili mzuri ajabu, akili hakuna. Alipanda kamba ya juu aruke, kamba za viatu zikamnasa, akashuka kama gunia la maharagwe. Watu walimtupia maganda. Pilipili moja, na hiyo nimempa kwa sababu ya mabega.

La pili, wanawake. Huko kwenu serikali imewakataza kupanda ulingoni na mnakosa mambo! Mmoja anajiita Mkunga. Alimburuta mwenzake kwa nywele mpaka meza ya mwamuzi, akamkalia, akaomba maji ya kunywa. Pilipili nne. Ningempa tano ila alimtukana refa kwa mama yake, na mama wa refa alikuwa amekaa nyuma yangu.

Sasa lako. Watatu kwa watatu, waungwana dhidi ya wakorofi. Nge wa Shaba aliongoza waungwana, na upande wa pili alikuwapo yule Mtawa wa Majivu, shetani kabisa, kofia ya kitawa na buti la chuma. Nilikaa pembeni mwa njia wanayopitia, mkono wa kushoto wa anayeingia. Komadre, nilimwita Nge mpaka koo likakauka. Waliokuwa upande wa kulia aliwapiga viganja wote, hata bibi mmoja mwenye mkongojo alimbusu kichwani. Upande wetu alipita kama tulikuwa viti.

Nikasema labda hakunisikia. Lakini akaanza kupigana, na hapo nikaacha kutafuna. Alikamata mkono wa kushoto. Mara ya kwanza nikasema kakosea. Mara ya pili, wa kushoto. Raundi zote tatu, wa kushoto! Na hao wenzake ndio walinishangaza zaidi, maana walikuwa wakimpa. Mtawa wa Majivu, mkorofi yule, alitanguliza mkono wa kushoto kama mtu anayevishwa koti. Mzee mmoja karibu yangu akatema mbegu, akasema, "Huyu kajifunzia wapi, Japani?"

Kingine kidogo. Tundu la jicho la kushoto kwenye kinyago limeshonewa kitambaa chembamba cheusi, kama chandarua. La kulia liko wazi.

Kina Nge walishinda. Pilipili mbili na nusu. Mlango wa wanamieleka sikuona mwanamke wa maana, ila muuza karanga, na ana ndevu kuliko mume wangu marehemu.

Komadre yako,
Otilia

*

Portales
Machi 21, 1974

Otilia,

Nimesoma barua yako mara nne na mkate umeungua.

Huyo si Nicanor. Kaa chini nikueleze, ingawa unajua mwenyewe. Dunia nzima wanakamata mkono wa kushoto, Wagringo wa Marekani, Wajapani, wote. Sisi huku tunakamata wa kulia. Ndicho kitu cha kwanza mtoto anachofundishwa siku anapokanyaga godoro, kabla hata ya kuanguka. Nicanor hawezi kukamata wa kushoto hata usingizini, na nasema hivyo kwa kuwa usingizini pia amenikamata. Mtu wa kukamata kushoto ni mgeni, au mtu aliyefundishwa na mgeni.

Halafu hicho chandarua! Vinyago vya Nge nashona mimi. Vitatu aliondoka navyo, matundu yote wazi, pindo mbili, uzi wa shaba. Nani kaweka kitambaa? Sindano ya nani hiyo? Mwanamieleka hampi kinyago chake mtu wa mtaani amshonee. Anampa mke. Au anampa mwingine anayejiona mke!

Basi nimeshaona picha yote. Bwana huyo yuko mahali amejilaza na mtu wake, anatuliza miguu, na kinyago amempa mwingine amfanyie kazi. Jumapili ananipigia simu, sarafu zimekwisha. Kumbe!

Tufanye hivi. Nenda tena. Akiingia, usimwite Nge, maana kila mtu anamwita Nge. Mwite "Vifungo!" Hilo jina tunalijua sisi watatu tu. Kama ni Nicanor, atashtuka, atageuka. Asipogeuka, tumemkamata.

Uniandikie siku hiyohiyo.

Amparo

*

Gómez Palacio
Aprili 1, 1974

Komadre mpendwa,

Nilikwenda Alhamisi. Nilimwita kama ulivyosema, akageuka. Ni yeye, basi, toa wasiwasi.

Mapambano yalikuwa mazuri. La kwanza zuri, la pili zuri, la Nge zuri pia. Pilipili nne kila moja. Walishangiliwa sana.

Kuhusu ule mkono, labda mimi ndiye nilichanganya, unajua ukiwa umekaa chini, kulia kunaonekana kushoto. Na kile kitambaa nadhani ni mtindo wa siku hizi, vijana wanapenda. Usilifikirie.

Yeye hajambo kabisa. Amekonda kidogo mashavuni, lakini ni joto la huku tu, linamtoa kila mtu jasho.

Huku pamba inapandwa, vumbi tupu. Mbusu Nieves. Usiandike kwa haraka, najua una kazi nyingi za kushona.

Otilia

*

Portales
Aprili 9, 1974

Otilia,

Wewe ambaye uliniandikia mpaka ndevu za muuza karanga, leo "zuri, zuri, zuri"? Pilipili nne hata kwa vijana wa pambano la kwanza, wa kunaswa na kamba za viatu? Unadhani mimi mtoto?

Halafu amekonda mashavuni. Mashavuni, Otilia! Mwanamieleka wa kinyago anaingia nacho, anapigana nacho, anatoka nacho, anapanda gari nacho. Miaka yote hii jirani zangu wa ukuta mmoja hawaijui sura ya Nge wa Shaba. Wewe hayo mashavu umeyaona wapi? Ulikaa naye wapi akavua? Kwenye meza ya nani?

Nilikuwa nikijiuliza sindano ni ya nani. Kumbe nilikuwa nikimwandikia mwenye sindano barua na kumbandikia stempu. Wewe mjane, nyumba tupu, ng'ambo ya daraja tu. Nami mjinga nikakwambia, nenda ukamtazame mume wangu. Nilikupeleka mwenyewe!

Sasa sikiliza na hili. Nimesoma kwenye gazeti la mieleka kuwa Aprili 28 Nge wa Shaba ataweka kinyago dhidi ya kinyago cha Mtawa wa Majivu. Atakayeshindwa avue mbele ya watu, ataje jina lake, alikozaliwa na miaka aliyokaa ulingoni. Nani atavua? Huyo mkamata kushoto? Kinyago nilichokishona kwa mikono yangu kivuliwe na mtu baki, ataje jina baki, na mume wangu amelala kwako?

Sikubali. Leo asubuhi nimetia posta barua kwa tume ya mieleka ya Torreón. Nimewaambia aliye ndani ya kinyago cha Nge siye mwenye leseni, wamvue faraghani, wamlinganishe na picha, na daktari wao ampime vizuri kabla hajakanyaga ulingo. Jina langu sikutia. Nimeandika "mtu anayejua."

Usinijibu.

Amparo, mke wa Nicanor Saldívar, bado

*

Gómez Palacio
Aprili 10, 1974

Amparo, komadre yangu,

Sijapata jibu lako na sitaki kulingoja, maana barua niliyokuandikia mwanzo wa mwezi imenikaa kooni kama mfupa. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeapishwa. Navunja kiapo, Mungu na Nicanor wanisamehe.

Usiku ule nilipomwita "Vifungo" nilikuwa tena upande wa kushoto. Aligeuka, ndiyo, lakini hakunitazama. Alizungusha kichwa chote mpaka bega likaja, kama farasi aliyefungwa kidoto, na bado akanitafuta. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa, Amparo. Hapo nikajua.

Nikamfuata kwenye gari la Don Evodio nikamwambia, ama unanieleza ama naenda kumpigia simu mkeo sasa hivi. Akaja kwangu, akavua kinyago mezani, akala gordita sita kwanza. Ndiyo maana niliyaona mashavu. Jicho la kushoto limekufa. Januari, kule Juárez, mtu mmoja alimwangukia na goti. Daktari alimwambia pazia la ndani limechanika na halishoneki. Jicho lenyewe sasa limegeuka jeupe, linatisha, ndiyo sababu ya kile kitambaa. Alishona mwenyewe, mishono kama ya mtu mlevi, laiti ungeiona ungejua hakuna mwanamke aliyeigusa.

Na mkono nao ni hivyohivyo. Mtu akisimama mbele yako, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Nicanor upande huo ni giza. Hauoni mkono, atamvunja mtu au atavunjwa. Kwa hiyo wenzake wote, waungwana kwa wakorofi, walikubaliana wampe wa kushoto, ule anaouona. Yule shetani wa Majivu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mpeni, mtu huyu ana mtoto." Nimelia mimi, na unajua mimi silii ovyo.

Kwa nini hakukwambia? Nilimuuliza. Akasema, "Amparo akijua atapanda basi, atanivuta sikio mpaka nyumbani, na atakuwa na haki. Lakini ninataka hili moja kwanza."

Hilo moja ni Aprili 28. Wewe mke wa mwanamieleka, hatudanganyani, mwisho umeshapangwa. Nicanor atashindwa. Ameomba ashindwe! Atavua kinyago hapa nyumbani kwao, na Doña Tomasa atakuwa amekaa mbele kabisa. Bibi yule anamwabudu Nge wa Shaba, unajua? Ana picha yake jikoni, karibu na Bikira. Na kila Nicanor akimtembelea anamwambia, tazama wanaume wenzako, wewe umeishia kuuza vifungo. Miaka kumi na tisa anayameza maneno hayo. Anataka mama yake asikie jina la mwanawe likitangazwa mbele ya uwanja mzima, kabla mama hajafa au yeye mwenyewe hajapofuka kabisa. Siku ya pili yake atakupigia simu, aseme yote, arudi, asipigane tena.

Sasa umejua. Usifanye kitu, komadre. Usiseme, usiandike, usimpigie mtu. Ngoja tarehe 28 tu.

Otilia wako

*

Portales
Aprili 16, 1974

Otilia,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu utakuwa umeshaipata, na utakuwa umeshayasoma niliyokuita. Sijui nianze kukuomba radhi ya lipi. Nitakuomba ya yote nikipata nafasi, leo nafasi sina.

Ile ya tume ilishaondoka. Tangu jana niko pale kwa Don Crescencio, napiga simu Torreón, inalia tu. Wiki Takatifu ilifunga ofisi zote, labda hawajaifungua, labda iko chini ya rundo. Nimewapelekea telegramu waipuuze, nikasema niliandika kwa hasira. Don Crescencio ananitazama kama mwendawazimu, na leo kwa kweli ndivyo nilivyo.

Niliwaandikia daktari ampime vizuri. Niliongeza mwenyewe neno hilo, "vizuri". Jicho lake, Otilia! Nimelala na mtu huyu tangu aliporudi kutoka Juárez mpaka katikati ya Februari, akageukia ukutani, nikadhani amenichoka.

Nilitaka kupanda basi leo. Nilifunga hata mzigo. Lakini nikifika atanitazama usoni mara moja na kujua, hata kwa jicho moja, maana uso wangu haujawahi kuficha kitu. Kama tume haijafanya chochote, mimi ndiye nitamharibia siku yake. Kwa hiyo nimekaa.

Nenda ofisi ya tume. Mhoji karani unavyojua, wewe una ulimi. Ukiiona barua hiyo, itafune, imeze.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo na bado halitoshi.

Amparo

*

Gómez Palacio
Aprili 29, 1974

Amparo,

Ya sindano na nyumba tupu nimeyasoma. Tutayazungumza siku nyingine, au tusiyazungumze. Leo nakuandikia mapambano, kama ulivyoniomba Machi, na sifichi hata unywele.

Ofisi ya tume nilikwenda. Karani akaniambia barua ilifunguliwa Jumatatu ya baada ya Pasaka, ya kwanza kabisa, kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri. Telegramu ilifika baadaye, wakaona ndiyo imezidisha shaka. Mtu anayesema kitu halafu anakikana, walisema, ametishwa. Ijumaa wakawaita wanamieleka wote. Nicanor akavua kinyago chumbani kwao, wakamlinganisha na picha, ni yeye hasa. Walikuwa tayari wamemwambia avae aende. Halafu daktari akasema, barua imetaka nipime vizuri. Akapitisha kidole pembeni mwa jicho la kushoto. Nicanor hakupepesa.

Leseni waliichukua palepale. Kwa sheria wana haki, sina la kusema. Angeweza kuuawa ulingoni, au kuua mtu. Hilo pia ni kweli.

Lakini Don Evodio alikuwa ameshauza viti vyote, mpaka nafasi za kusimama. Na Nge wa Shaba ni jina la Don Evodio, liko kwenye karatasi zake, Nicanor alizitia sahihi akiwa kijana asiyejua kusoma vizuri. Tume ilimkataza mtu, haikukataza kinyago. Umenielewa?

Jumapili basi. La kwanza sikulitazama. La wanawake, pilipili tatu, Mkunga alikuwa na homa. Halafu taa zikazimwa, akaingia Nge wa Shaba, na upande wa kulia akawapiga watu viganja, na upande wa kushoto pia. Alikuwa Eleuterio. Yule wa Fresnillo, wa kamba za viatu. Kinyago kilimbana, mishono yako ilikuwa ikivutika shingoni. Alikamata mkono wa kulia kama alivyofundishwa, na mimi ninayekusimulia nilichukia kila alipoukamata.

Nicanor alikuwa karibu yangu. Nilimsihi asije. Akasema mama yake ameshajifunga shali jipya na ameshatangaza mtaa mzima kuwa mwanawe wa vifungo leo amekumbuka kumtoa matembezini, hawezi kumvunja moyo. Akamkalisha Doña Tomasa mkono wake wa kulia ili amwone. Mimi nikakaa gizani kwake. Alikuwa bila kinyago, suruali ya kazi, kofia magotini, na uwanja mzima hakuna aliyemgeukia.

Pambano lenyewe, Amparo, lilikuwa zuri. Inaniuma kusema. Yule kijana alipigana kuliko uwezo wake. Mtawa wa Majivu alimbeba kama yai. Mara mbili nilimwona Mtawa akitanguliza mkono wa kushoto kwa mazoea, halafu akakumbuka, akaurudisha, na akatupa macho upande wetu. Raundi ya tatu alimlaza, refa akahesabu, kwisha. Watu walilia kama msiba. Nicanor alipiga makofi mwanzo hadi mwisho.

Kisha Eleuterio akapiga magoti katikati, akafungua kamba nyuma ya kichwa, akavua. Sura ya kitoto, machozi mpaka kidevuni. Mtangazaji akamwekea kipaza sauti. Akasema, "Eleuterio Bañuelos, mzaliwa wa Fresnillo." Miaka aliitaja chinichini, makofi yakaimeza. Walimbeba mabegani. Bibi yule wa mkongojo alimbusu miguu.

Doña Tomasa alikuwa akilia kwa leso ya mwanawe. Akasema, "Masikini, mtoto mzuri hivyo! Huko Fresnillo leo kuna mama anatembea kichwa juu." Halafu akamgeukia Nicanor, akampiga paja. "Unaona, wewe? Vifungo tu, vifungo tu."

Nicanor akasema, "Ndiyo, mama."

Akamsaidia kuvaa shali. Tulivuka daraja kwa miguu kwa sababu bibi alitaka hewa, na njia nzima alikuwa akimsimulia mwanawe mambo ya Nge wa Shaba, alivyompiga huyu mwaka ule, alivyomrusha yule. Nicanor akawa anauliza, "Kweli mama? Halafu ikawaje?"

Tulipomfikisha bibi nyumbani, Nicanor alikuja kunywa kahawa kwangu. Aliniuliza nani aliyeandika ile barua. Hakuiona, walimwambia tu ipo. Nikasema sijui. Akasema, "Atakuwa mtu anayenichukia, komadre. Lakini nimewatafuta wote kichwani, simpati."

Nikainuka nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi. Hilo nimekufanyia, na sitakufanyia lingine. Yuko kwa mama yake mpaka wiki ijayo.

Otilia

*

TELEGRAMU
Meksiko, Mei 3, 1974
Kwa: Otilia Rentería, Gómez Palacio, Durango

NAJA BASI LA JUMAMOSI NA NIEVES. USIMWAMBIE NICANOR KITU. MSHIKE MAMA MKWE ASITOKE NYUMBANI. NITASEMA YOTE MBELE YAO WAWILI, LA NGE KWANZA, LA BARUA BAADAYE. AMPARO